Wimbo wa Baba Usiosema Kitu

Juzi nilikuwa saluni hapa Kakamega mjini, kichwa kimeshikwa, shingo imepinda, siwezi kwenda popote. Msusi wangu ni binti wa kutoka Khwisero, mikono myepesi, mdomo hauna breki. Redio ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na wimbo uliokuwa ukipigwa ni moja ya nyimbo hizi za siku hizi ambazo mwimbaji hasemi neno la Kiswahili, wala la Kiingereza, wala la Kiluhya. Ni tingili na lelele tangu mwanzo hadi mwisho. Binti alikuwa anauimba wote bila kukosea mahali. Nikamuuliza, "Hii wimbo inasemanga nini?"

"Haisemi kitu, anti. Ni vibe tu."

Wateja wengine wakacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini machozi yalinitoka, na binti wa watu akadhani amenivuta nywele kupita kiasi, akaanza kuniomba msamaha. Nikamwambia ndiyo, apunguze mkono. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Wewe nitakueleza, kwa sababu tumejuana siku nyingi, na najua hutanikatiza katikati kuniuliza kama nimeenda kumwona mshauri.

Nililelewa upande wa Shianda, katika boma lililozungukwa na miwa. Miwa ikikomaa hatukuwaona majirani, tuliwasikia tu: mtu akikohoa, kuku akifukuzwa, mama fulani akimwita mtoto wake arudi nyumbani mara moja kabla hajamfuata na mwiko. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yaliruka na kutua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maziwa, kwenye nywele zetu. Mama alikuwa akiyalaani majivu hayo kila mara, na kila mara alikuwa ameanika nguo. Tulikula obusuma, ndio ugali wetu, na mboga ya mrenda, na siku za wageni ingokho, kuku mzima, ambaye sisi watoto tulimjua kwa shingo na miguu peke yake.

Baba alikuwa mkataji wa miwa. Kazi hiyo unaijua. Panga, jua, majani yanayokata ngozi, na masizi yanayomfanya mtu arudi nyumbani mweusi hata mbwa wake ambwekee. Lakini Jumamosi baba alioga mapema, akavaa shati lenye maua, akachukua gitaa lake la boksi na kwenda sokoni. Rafiki yake alimfuata na chupa ya soda na msumari. Kazi ya rafiki ilikuwa kuigonga na kuikwaruza ile chupa ili watu wajue mguu uende wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bendi yao, gitaa moja na chupa moja, na nakuapia soko zima lilisimama.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa na maneno haya, na hayo ndiyo yote: "Kindole, kindole, sawande malimbu, kindole tiya." Baba aliyaokota kichwani mwake. Enzi hizo nyimbo zilizopendwa zilikuwa za kutoka Kongo, hakuna aliyezielewa na kila mtu aliziimba, kwa hiyo baba akaona hakuna haja ya kwenda Kongo. Fundi cherehani wa sokoni alikula kiapo kwamba maana yake ni mpenzi usiniache. Mama muuza omena alisema ni matusi makubwa, na alicheza kuliko watu wote. Sisi watoto tuliuimba tukiruka kamba, tukiokota kuni, tukienda mtoni, tukarefusha hapa na kukata pale, na mwalimu wetu wa darasa la pili, aliyekuwa mkali, alisikika akiunguruma nao huku anafuta ubao.

Mtu alipomuuliza baba kwa nini haweki maneno yenye maana, alijibu hivi: "Ukiweka maneno iko na maana, watu wataanza kusikiliza. Wakisikiliza, wataacha kucheza." Jibu hili mama alikuwa akilirudia kwa sauti ya baba kabisa, na alikuwa akicheka, kwa sababu mama alikuwa mmoja wa wale walioacha kusikiliza. Alimpata baba sokoni, akicheza wimbo huohuo, na beseni la ndizi aliloliacha kando likaliwa na mbuzi wa watu.

Ni mtu mmoja tu katika sehemu zile ambaye hakuujua wimbo wa baba, na mtu huyo alikuwa Kukhu. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Kukhu, mama yake baba, alikuwa wa kanisa la makanzu meupe, lile lenye ngoma na bendera, ambalo watu wake wanatembea barabarani kwa mstari Jumapili wakiimba hadi vumbi linatimka. Alikuwa mama mkubwa wa kanisa. Baba akishika tu gitaa, Kukhu alichukua jembe akaenda shambani, hata kama mvua ilikuwa inanyesha, na hakurudi mpaka gitaa linyamaze. Aliita mambo yale kelele za shetani. Hakuwahi kusikia wimbo mmoja mpaka mwisho.

Kisha mdogo wangu akafariki. Alikuwa mtoto wa kubebwa bado, malaria ilimshika Jumamosi, na baba hakuwepo, alikuwa sokoni. Hata angekuwepo sijui angefanya nini zaidi ya alichofanya mama, lakini Kukhu alisema mbele ya watu waliokuja kuomboleza, "Wewe ukiimba, shetani alikuwa anaingia kwa nyumba yako." Baada ya mazishi baba alikata nyuzi za gitaa, akalisukuma darini, na kuku akaligeuza mahali pa kutagia. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani.

Kukhu alimshonea kanzu yeye mwenyewe, kwa mkono. Sasa alikuwa amebakisha ombi moja tu. Katika kanisa lile, kuokoka hakukutosha. Ilibidi Roho amshukie mtu, anene kwa lugha, watu wote wasikie. Kulikuwa na saa yake kabisa baada ya mahubiri: ngoma zinaanza polepole, watu wanasimama, mmoja anaanza kutetemeka na maneno yanamtoka ambayo si ya nchi hii. Hapo mzee mmoja mwenye karama ya kufasiri anasimama karibu naye na kuwaambia watu Bwana anasema nini. Na kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: aliyeshukiwa haguswi. Ukimgusa, Roho anaondoka, na huenda asirudi tena katika nyumba ile. Hata akianguka, anafunikwa na bendera, anaachwa hapo mpaka aamke mwenyewe. Wana wa akina mama wengine walikuwa wameshukiwa wote. Wa Kukhu alikuwa amesimama tu kando ya nguzo, kanzu safi, mdomo umefungwa.

Walimfundisha. Mchungaji alimwambia aseme haleluya haraka haraka mpaka ulimi uteleze, na ukiteleza auache uende. Baba alikataa. Alimwambia mama, na mama akaja kunisimulia mimi nilipokuwa mkubwa: "Hiyo kazi ya kuongea maneno haina maana, mimi naijua kuliko hao wote. Ikitoka kwangu nitajua imetoka kwangu. Siwezi kupelekea Mungu kindole."

Fikiria jambo hilo. Kijiji kizima, mtu pekee ambaye angeweza kunena kwa lugha yoyote upendayo, asubuhi hadi jioni, bila kurudia, ndiye aliyekataa. Na kila Jumapili Kukhu alirudi nyumbani, akavua kanzu yake, akaikunja, akaanza kufunga na kuomba upya. Alikonda. Hakumlaumu baba, na hilo lilimuumiza baba zaidi. Nilimwona siku moja akimtazama mama yake akipanda kile kilima cha kutoka mtoni na ndoo kichwani, kinywa kikavu kwa kufunga, na uso wa baba ulikuwa uso wa mtu anayefikiria kudanganya. Hakudanganya.

Jumapili ninayotaka kukuambia ilikuwa ya kiangazi. Wiki nzima baba alikuwa amelalamika kichwa. Alikuwa amekata miwa juani, kisha akafunga pamoja na Kukhu, maana alidhani akifunga naye itamfariji. Kanisa lilikuwa la mabati juu na pembeni, na ndani mlikuwa na joto la kupika mtu. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, sisi watoto mbele chini kwenye mkeka. Saa ile ilipofika, ngoma zikaanza. Nilikuwa nikimtazama baba kwa sababu nilimtazamanga yeye kila mara. Kwa wengine nilichoka.

Nikamwona akishika nguzo. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, imeteleza upande mmoja, nayo ilisema, "Kindo. Kindo. Sawa. Malimbu. Malimbu."

Sijui kama nitaweza kukueleza furaha iliyolipuka mle ndani. Ngoma zilipanda. Wanawake walipiga vigelegele. Kukhu, ambaye magoti yake yalikuwa yanamsumbua, alicheza akienda mbele na mikono juu, analia, kitambaa kimemtoka kichwani, na hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Mimi nilirukaruka pamoja na watoto wenzangu. Mzee mfasiri alikwisha kusimama kando ya baba, macho amefumba. "Bwana anasema, nimesikia maombi ya mama huyu! Bwana anasema, nimehesabu machozi yake!" Na baba anasema malimbu, malimbu, na mkono wake wa kulia unaning'inia ndani ya kanzu, na mate yanamtoka.

Mama ndiye aliyejua. Alivuka. Kuvuka kutoka upande wa wanawake kwenda wa wanaume saa ile lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea, na alivuka mbio. "Hiyo si lugha!" alipiga kelele. "Hiyo ni wimbo yake! Hiyo ni wimbo ya Shianda! Mumshike, huyu ni mgonjwa, angalieni mdomo yake!"

Wakamshika yeye. Akina mama wanne wazito, wenye mapenzi mema, walimshika mabega na kiuno, kwa upole tu, kama wanavyomshika mfiwa. Kukhu aligeuka. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mama watoto," alimwambia, "nakuomba. Usimzime Roho. Hii siku nimengojanga mpaka nimezeeka."

Baba akaanguka. Wakamfunika na bendera.

Waliendelea kuimba, na hakuna aliyemgusa. Jua lilitoka juu ya mlango likaenda nyuma ya kanisa, na chini ya bendera ile mguu mmoja wa baba ulikuwa ukisukuma vumbi, ukisukuma, na watu waliona ndiyo nguvu ya Roho. Mama alikuwa amekaa chini kati ya wale akina mama, hana sauti tena. Alasiri wakambeba nyumbani kwa maandamano. Majirani walitoka kwenye miwa kutazama. Wengine walijiunga.

Nyumbani, mama alimpa chai. Ikatoka yote upande wa kulia wa mdomo, ikaingia kwenye kanzu. Akampa tena, ikatoka. Akamwambia Kukhu, "Mayi, ona. Tafadhali ona." Mayi ni mama, ndivyo alivyomwita mkwe wake siku zote kwa heshima. Kukhu alikuwa amekaa mlangoni, na hakuwa mtu mkatili, usinielewe vibaya. Alimtazama mwanawe kwa upendo ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. Akasema, "Wakati Roho amekaa kwa mtu mara ya kwanza, mwili huwanga hivyo. Unataka umpeleke adungwe sindano, Roho atoke?" Na hakutoka mlangoni.

Kulipokucha baba alikuwa hawezi kukaa. Mama alipita dirishani. Alikata katikati ya miwa hadi kwa jirani yetu aliyekuwa dereva wa trekta, na huyo alikuja na trela tupu, hakuuliza swali, alimsogeza Kukhu kwa kusema tu "Shikamoo mama, nipishe." Wakatandaza majani makavu ya miwa kwenye trela na kumlaza baba. Kukhu alipanda pia, na kanzu yake. Mimi nilipanda kwa sababu hakuna aliyenikataza. Njia nzima ya kwenda hospitali Kukhu alikuwa ameshika kichwa cha baba kisigongwe, na baba akisema malimbu kila gurudumu likiingia kwenye shimo.

Daktari alikuwa kijana, mchovu. Aliinua mkono wa baba, ukaanguka. Akamulika macho. Akauliza ilianza lini, mama akasema jana, kanisani, kabla ya saa sita. Daktari akasimama wima. "Jana? Na mlikuwa mnangoja nini?"

Kukhu ndiye aliyejibu, na alijibu kwa heshima, vile unavyomjibu daktari. "Tulikuwa tunashukuru."

Baba hakufa. Wakati mwingine nafikiri hilo ndilo lililokuwa gumu. Walimrudisha nyumbani na kiti cha magurudumu, mkono mmoja umekufa kwa kiharusi, mguu unaburuta, na katika maneno yote aliyokuwa nayo duniani, ya Kiwanga, Kiluhya cha kwetu, na Kiswahili na ya kuwatania watu sokoni, yamebaki yale aliyoyaokota kichwani akiwa kijana. Akitaka maji, kindole. Akiwa na baridi, kindole. Akitaka kuniuliza nimeshindaje shuleni, ananitazama, anajitahidi, jasho linamtoka, mishipa ya shingo inasimama, na kinachotoka ni malimbu. Halafu anafumba macho kwa aibu. Tulijifunza kumsoma kwa sauti: ikipanda ni kiu, ikishuka ni choo, ikikatika ni hasira. Hasira ilikuwa nyingi. Alinirushia kikombe mara kadhaa, na mara zote alilia baadaye.

Kanisa lilikuja kila Alhamisi. Hilo sijui niliseme vipi bila kutukana. Walikuja na ngoma ndogo, wakakaa kwenye viti vyetu, wakanywa chai yetu, na yule mzee mfasiri akafumba macho kando ya kiti cha baba. Baba akiomba apelekwe chooni, mzee akawaambia watu kwamba mvua itanyesha mapema mwaka huu. Baba akilia, watu wakasema amina. Mama alikuwa akienda kukaa nyuma ya jiko mpaka waondoke. Kukhu alikaa katikati yao, kichwa kimeinuliwa, mama wa mtu anayenena. Naamini alijua. Si kila siku, lakini kuna siku nilimwona akimpangusa baba mdomo wageni wakiimba, akimtazama mzee mfasiri kwa jicho la kando. Kisha analirudisha. Kuamini kilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho, na bila hicho angelazimika kuwa mtu aliyekaa mlangoni.

Ilivunjika siku ya kawaida kabisa. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kukhu alikuwa uani akipepeta maharagwe, baba yuko juani kwenye kiti chake, mimi nilikuwa nikisugua sufuria kwa majivu. Trela la miwa likapita barabarani, limejaa, na juu yake vijana wapakiaji wamekaa, mashati wamefunga vichwani. Walikuwa wanaimba. Wakati baba alipokuwa akiimba sokoni vijana hao walikuwa watoto. Waliupata wimbo huo walikoupata, wakaufanya wao. "Kindole, kindole, sawande malimbu, kindole tiya!" Mmoja alikuwa akigonga chuma cha trela badala ya chupa.

Baba aliinua kichwa. Akaimba. Hakutafuta neno, hakutoka jasho, aliuimba wote nao, mzima, umenyooka, na mkono mzima ukawa unapiga paja kuonyesha mguu uende wapi. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau meno yake. Vijana wakamwona, wakapunga mikono, wakaurudia kwa ajili yake mpaka trela likapinda na sauti ikamezwa na miwa. Baba akabaki ameinua kidole, anangoja.

Ungo wa Kukhu ulikuwa umeinama na maharagwe yanamwagika polepole miguuni pake. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Ni hiyo?" Kukhu aliuliza. Hakumtazama.

"Ni hiyo, mayi."

"Yote ni hiyo?"

"Yote."

Kukhu aliinama, akaanza kuokota maharagwe moja moja. Nilikwenda kumsaidia, akanisukuma kwa mkono. Aliyaokota mpaka jua likashuka.

Alhamisi, kanisa lilipokuja, aliwangoja kwenye lango. Alikuwa amevaa rinda la kawaida la kwenda shambani, na kanzu yake imekunjwa mikononi. Mzee mfasiri alimsalimu, na Kukhu akamkabidhi kanzu ile. Akasema, "Mtoto wangu ni mgonjwa. Hakuna kitu anasema. Ni mgonjwa, na mimi ndiye nilimwacha chini." Walianza kumbembeleza, mchungaji akaanza kuomba, naye akafunga lango huku maombi yanaendelea.

Jioni hiyo alimwomba mama amfundishe ule wimbo. Mama alikuwa anakoroga obusuma. Alikoroga, alikoroga. "Mimi siwezi kuimba hiyo wimbo tena, mayi," akasema. "Hata ukiniomba na Mungu." Hakuwa na ukali. Na hakuuimba tena mpaka leo hii, na hata mtu akiuanza karibu naye anaondoka, vile Kukhu alivyokuwa akiondoka na jembe lake.

Kwa hiyo nilimfundisha mimi. Tulikaa jikoni, moshi machoni, nikampa kipande kwa kipande. Ilimshinda vibaya. Alikuwa na zaburi nyingi kichwani, neno kwa neno, lakini maneno haya yalimponyoka kwa sababu hayakuwa na mahali pa kushikia. Aliniuliza, "Hapa inasema nini?"

"Haisemi kitu, Kukhu."

"Na hapa?"

"Hata hapo."

Akawa anajaribu tena, mwanamke mzee ambaye maisha yake yote alitafuta kusikia kitu kinasema. Alipoupata, alimlisha baba uji wa wimbi kwa wimbo huo, kijiko, mstari, kijiko, mstari, na baba alimeza. Alikuwa akimwitikia. Hawakuwahi kuelewana vizuri kama miezi ile, kama ni kuelewana. Baba alipofariki ilikuwa hivyo hivyo, asubuhi, uji mdomoni, Kukhu akasema kindole na hakuna aliyeitikia. Akasema tena. Akaendelea kusema mpaka mama alipokuja kumtoa kijiko mkononi.

Sasa Kukhu naye hayupo. Rafiki wa chupa na msumari alihamia kwa wakwe zake huko Bukura, akafia huko. Soko la Shianda lina spika kubwa siku hizi, na pale boma letu lilipokuwa pamepandwa miwa hadi ukingoni mwa barabara, hutajua kwamba watu waliishi pale. Wapakiaji wa leo wana simu masikioni, kila mmoja na wimbo wake.

Nimekueleza hapa mambo ambayo baba alisema. Nataka ujue nimeyapata wapi. Nimeyapata kwa mama, yote. Mimi mwenyewe nilikuwa bado mdogo Jumapili ile, na tangu siku hiyo nilimsikia kwa miaka akisema maneno yale mengine tu, na yakafuta yaliyotangulia. Ninaweza kukuimbia wimbo wa baba sasa hivi, mwanzo hadi mwisho, na kukuonyesha mahali alipovuta pumzi. Lakini lazima kuna siku aliniita nije nile, au aliniuliza kwa nini ninalia, au alitaja jina langu tu, kwa sauti yake ya kawaida, kabla ya nguzo ile. Natafuta hata neno moja. Usiku na mchana natafuta, nikiwa kazini, nikiwa barabarani, na kila nikimkaribia, anafungua mdomo na kuniambia kindole.